Watoto wa kale Afrika Mashariki: waliishi vipi?

Jioni moja hapa Mansfield, mji ulio kusini-mashariki ya Fort Worth katika jimbo la Texas, mtoto wa jirani zangu mwenye umri wa miaka 11 alibisha hodi akiwa na karatasi ya shule mkononi. Alitakiwa kuandika ukurasa mmoja juu ya maisha ya kila siku ya mtoto wa zama za kale. Karatasi ilimpa nafasi ya kuchagua mmoja kati ya watatu: mtoto wa Misri, wa Ugiriki au wa Roma. Wazazi wake ni watu wa Mombasa. Akaamkia, kisha akauliza: "Mjomba, na sisi je? Kwetu hakukuwa na watoto?"

Mtu aliyehariri habari kwa zaidi ya robo karne huzoea kuulizwa kuhusu marais, mapinduzi na bei ya mafuta. Swali hili sikulitazamia, na usiku ule sikulala mapema. Jibu lake lipo, lakini limetawanyika katika majarida ya sayansi ambayo si rahisi kumfikia mzazi, awe Kisauni au awe Texas. Makala haya yanajaribu kulikusanya.

Kwa nini hawaonekani

Mifupa ya mtoto ni laini na myembamba, nayo huoza upesi kuliko ya mtu mzima. Fisi na maji ya mvua huimaliza kabla ya mengine. Aidha, waliokuwa na maandishi katika zama hizo waliandika zaidi habari za wafalme, kodi na vita, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haikuwa na maandishi kabisa. Wachimbaji wenyewe, kwa miaka mingi, walitafuta silaha, mahekalu na mafuvu ya watu wazima. Jino la utotoni lilipita katika chekecheo bila ya mtu kulijali.

Kwa hiyo anayetaka kumjua mtoto wa kale wa upande wetu hana budi kuinama. Atamkuta katika meno, katika nyayo zilizoganda kwenye tope, na katika shimo dogo lililochimbwa kwa makusudi.

Mtoto wa Kilifi

Shimo la namna hiyo limo ndani ya pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, kilomita kama 15 kutoka baharini. Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao kutoka nje walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013, lakini shimo lenyewe halikufunuliwa hadi mwaka 2017, likiwa mita takriban 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango.

Mifupa ilikuwa imeoza kiasi cha kugeuka unga ikiguswa. Wachimbaji hawakuthubutu kuitoa mmoja mmoja. Waliliviringisha bonge zima la udongo kwa plasta, kama afanyavyo mganga wa mifupa kwa mguu uliovunjika, wakalisafirisha hadi Nairobi, na baadaye likapelekwa Burgos, nchini Hispania, kwenye kituo cha utafiti wa chimbuko la binadamu. Meno mawili yaliyojitokeza wakati bonge lilipoanza kupekuliwa maabara ndiyo yaliyowapa dalili kwamba aliyelala humo ni binadamu.

Mwezi Mei mwaka 2021 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature. Mabaki yale ni ya mtoto wa umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi kongwe kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana barani Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto, kwa Kiswahili hivyo hivyo, na ndivyo alivyoandikwa katika magazeti ya dunia nzima.

Tuangalie namna alivyolazwa, kwa kuwa hapo ndipo penye habari. Alilala kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ya bega na mbavu ilivyobana pamoja inaonyesha kwamba sehemu ya juu ya mwili ilikuwa imefungwa kwa kitu kama sanda, pengine majani makubwa au ngozi. Kichwa chake kilikuwa kimeinama kwa namna ya kichwa kilichowekewa mto, nao mto ulipooza, kichwa kikashuka. Shimo lilichimbwa kwa ajili yake, na udongo uliomfunika ulizolewa pale pale kwenye sakafu ya pango, mwili ukiwa haujaanza kuharibika.

Msomaji wa pwani atakuwa amekwisha kuona ubavu wa kulia na sanda, na ataanza kufikiri. Afadhali asiende mbali. Miaka 78,000 ni mingi mno kuunganisha desturi na desturi. Lakini kitendo cha kumwekea maiti mto kinaeleweka bila ya mkalimani.

Jambo la pili ni mahali. Mtoto hakupelekwa porini wala hakutupwa. Alizikwa ndani ya pango ambalo watu wake walikuwa wakiishi, mahali pa moto, pa kuchonga mawe na pa kula nyama. Watu waliendelea kulitumia pango hilo, kwa vipindi, katika makumi ya maelfu ya miaka iliyofuata. Katika matabaka ya juu zaidi kumepatikana shanga. Ile kongwe kabisa ni ya kombe la baharini, nayo ina zaidi ya miaka 60,000, na baadaye zikaja za maganda ya mayai ya mbuni. Ni vitu vidogo vya kuvaa shingoni, na yeyote aliyewahi kumlea mtoto anajua ni mikono ya nani ilivivuta kwanza.

Kaburi la Kilifi si kongwe kuliko yote duniani. Katika mapango ya Qafzeh na Skhul, huko Israel, kuna maziko yenye umri mkubwa zaidi. Mmoja wa waliozikwa Qafzeh ni mtoto wa miaka 12 au 13, aliyewekewa pembe za mnyama wa jamii ya kulungu kifuani. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba alipata pigo baya la kichwa akiwa mdogo, ambalo yamkini lilimwathiri akili na mwenendo, na akaishi nalo kwa miaka kadhaa. Hakuweza kuishi hivyo bila ya mtu wa kumwangalia.

Hapa jirani nasi

Nilipofika hapo katika maelezo yangu, kijana alitaka kujua kama Texas nayo ina kaburi la namna hiyo. Inalo. Ukingoni mwa mto Brazos, kaskazini ya mji wa Waco, kuna kipango kiitwacho Horn Shelter. Mwaka 1970 wachimbaji wawili wa kujitolea, Albert Redder na Frank Watt, walikuta humo kaburi la watu wawili: mwanamume wa makamo na msichana wa umri wa miaka kama 10 au 11. Walizikwa pamoja miaka ipatayo 11,000 iliyopita. Mwanamume alikuwa na magamba ya kobe, kucha za ndege wa kuwinda, shanga za makombe na udongo mwekundu. Karibu na msichana kulikuwa na sindano ndogo ya mfupa yenye tundu.

Habari za kaburi hilo zinaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Bosque, mjini Clifton, mwendo wa gari usiozidi saa mbili kutoka Mansfield. Tulikwenda Jumamosi, yeye, mama yake na mimi. Mwanamume ndiye aliyepewa nafasi kubwa, na si ajabu, kwa kuwa mali yote ni yake. Kijana alikuwa akiuliza habari za sindano: alikuwa akishona nini?

Swali la haki. Mtoto wa miaka 10 mwenye sindano tayari ana kazi.

Waliokuwapo kazini

Mtoto wa leo, hasa katika nchi hizi tulizohamia, hutumia mchana wake katika chumba cha watoto wenzake, na wazazi humwona jioni. Kwa sehemu kubwa kabisa ya historia ya binadamu haikuwa hivyo, na ushahidi ulio wazi unatoka Ethiopia.

Melka Kunture ni mahali penye machimbo mengi ya kale kando ya mto Awash, kilomita kama 50 kusini ya Addis Ababa. Katika eneo liitwalo Gombore, chini ya majivu ya volkano, watafiti walifunua nyayo zenye umri wa miaka 700,000, kuzunguka kidimbwi kidogo cha matope. Ripoti yao ilitoka mwaka 2018. Nyayo ni za watu wazima na za watoto, wengine wadogo sana, wa mwaka mmoja hadi mitatu. Hawa hawakuwa bado binadamu wa aina yetu hasa. Pale pale pamekutwa zana za mawe na mifupa ya kiboko yenye alama za kuchunwa.

Maana yake ni kwamba nyama ilipokatwa, mawe yalipogongwa na damu ilipomwagika, mtoto anayejifunza kutembea alikuwa papo hapo, miguu topeni. Hakuna aliyemfundisha kwa ubao. Alitazama, akaokota kipande cha jiwe, akagonga vibaya, akagonga tena.

Tanzania nayo ina nyayo zake mashuhuri. Zile za Laetoli, zilizofunuliwa mwaka 1978 na kikosi cha Mary Leakey, zina miaka milioni 3.66 na zimekwisha kuandikwa sana. Zisizosimuliwa sana ni za Engare Sero, kusini ya Ziwa Natron, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, ambazo wenyeji Wamaasai ndio walioziona kwanza. Ni zaidi ya nyayo 400 za binadamu kama sisi, zilizokanyagwa wakati fulani kati ya miaka 19,000 na 6,000 hivi iliyopita. Kwa mujibu wa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, kundi moja lililokuwa likitembea pamoja lilikuwa na watu 17: wanawake 14, wanaume wawili na kijana mmoja wa kiume. Watafiti wanadhani walikuwa wametoka kutafuta chakula.

Watoto wadogo hawamo katika kundi hilo. Bila shaka wanawake 14 walikuwa na watoto. Basi walibaki na nani?

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, si mbali sana na hapo, wanatupa fununu. Ni watu wa leo wenye historia yao, wala si picha ya kale iliyohifadhiwa. Hilo lazima lisemwe, kwa kuwa limekosewa mara nyingi. Hata hivyo, watafiti waliokaa nao tangu miaka ya 1980 waliona mambo mawili. Kwanza, bibi mzaa mama, ambaye amekwisha kuacha kuzaa, huchimba mizizi kwa bidii kuliko hata binti yake, na wajukuu wananenepa kwa jasho lake. Pili, watoto wenyewe, hata wa miaka mitano au sita, hujitafutia sehemu ya chakula chao karibu na kambi: wanapondaponda ubuyu, wanachuma matunda, wanachimba mizizi mifupi. Wanakwenda kwa makundi ya rika mchanganyiko, mkubwa akimbeba mdogo. Mchezo na kazi havitengani.

Utoto mrefu umetoka wapi

Wataalamu wana swali jingine, nalo ni kwa nini mtoto wa binadamu anakawia hivi kukua. Mifupa miwili ya Afrika Mashariki imesaidia kulijibu.

Wa kwanza ni Selam, mtoto wa kike aliyepatikana Dikika, Ethiopia, mwezi Disemba mwaka 2000, na kikosi cha Mhabeshi Zeresenay Alemseged. Ana umri wa miaka milioni 3.3, na alipokufa alikuwa na miaka kama miwili na nusu au mitatu. Alitembea kwa miguu miwili, lakini kidole gumba cha mguu wake kilikuwa bado na uwezo wa kushika, jambo ambalo lingemsaidia kumng'ang'ania mama.

Wa pili ni yule mvulana wa Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, aliyegunduliwa mwaka 1984 na Kamoya Kimeu, bingwa wa Kikamba aliyekuwa na jicho ambalo maprofesa walilionea wivu. Mvulana huyo aliishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kwa urefu, ambao ulikaribia mita 1.6, ungemdhania kijana wa miaka 12 au zaidi. Lakini mistari ya ukuaji iliyomo ndani ya meno yake inaonyesha kwamba alikuwa na miaka kama minane tu. Alikua haraka. Utoto wetu sisi, wa kutegemea wakubwa kwa miaka 15 na zaidi, ulikuja baadaye, na uliwezekana kwa kuwa kulikuwa na mabibi, mashangazi na ndugu wakubwa wa kusaidia kulisha.

Wafalme walipokuja

Misri ilikuwamo katika karatasi ya yule kijana, na vitabu vya shule humwonyesha mtoto wa Misri akiwa na kishungi cha nywele upande mmoja wa kichwa kilichonyolewa, akicheza na mpira, pia au mnyama wa mbao. Yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba katika kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina vimepatikana vigae vya mazoezi ya kuandika, na kwamba wanafunzi walinakili maandiko yanayokebehi kazi nyingine zote ili waipende kazi ya ukarani. Lakini waliokwenda shule walikuwa wachache.

Wengine wamepatikana Amarna, mji ambao Farao Akhenaten aliujenga kwa haraka katika karne ya 14 Kabla ya Kristo. Mwaka 2015 wachimbaji walianza kufukua makaburi yaliyo karibu na makaburi ya kaskazini ya mji huo. Walitarajia kukuta familia. Walikuta karibu wote ni wa umri wa kati ya miaka 7 na 25, wamefungwa kwa mikeka duni, wengine zaidi ya mmoja katika shimo moja, bila ya vyombo vya kuzikiwa. Mifupa ya wengi ina majeraha ya kubeba mizigo mizito, hata uti wa mgongo wa waliokuwa hawajafika miaka 15. Watafiti wanadhani hawa walikuwa nguvukazi ya watoto na vijana waliotengwa na wazazi wao, na mahekalu ya jua tunayoyasifu yalipitia migongoni mwao.

Kusini ya hapo, katika Nubia ambayo leo imegawanyika baina ya Misri na Sudan, watoto walichukuliwa kwa njia nyingine. Katika michoro ya makaburi ya Thebes wanawake wa Kinubi wanaonekana wakiwa wamebeba watoto mgongoni ndani ya vikapu, wakiandamana na ushuru unaopelekwa kwa Farao. Wana wa watawala walioshindwa walilelewa ndani ya jumba la mfalme, katika mahali palipoitwa kap, pamoja na watoto wa wakubwa wa Misri. Walifundishwa lugha, adabu na utiifu, kisha wakarudishwa kwao kutawala kwa niaba ya aliyewalea.

Mmoja wao anajulikana kwa jina: Hekanefer, mkuu wa Miam, aliyeishi wakati wa Tutankhamun. Picha zake mbili zimebaki. Katika kaburi la Huy, gavana wa Misri katika Nubia, Hekanefer amechorwa akisujudu, kavaa mavazi ya Kinubi, mgeni anayeleta ushuru. Katika kaburi lake mwenyewe, alilojichimbia Toshka, nchini mwake, amejionyesha kama Mmisri kamili.

Niliiacha nchi yangu nikiwa mtu mzima, kwa sababu ya kalamu, na sikuwa na la kuchagua. Namwelewa Hekanefer kwa kiasi fulani. Lakini mimi niliondoka nikiwa nimekwisha kuwa mtu. Yeye alichukuliwa akiwa bado udongo wa mfinyanzi.

Lugha ya mama

Pwani yetu inaingia katika maandishi ya kale mnamo karne ya kwanza Baada ya Kristo, katika kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki, Periplus ya Bahari ya Eritrea. Kinataja soko la mwisho la Azania, Rhapta, na kueleza kwamba manahodha wa Kiarabu waliofika huko waliwajua wenyeji, walioana nao na kuifahamu lugha yao. Kitabu hakisemi neno juu ya watoto. Lakini palipo na ndoa patakuwa na watoto, na hao walikuwa na baba anayekuja na upepo wa kaskazi na kuondoka na kusi, na mama ambaye haendi popote.

Uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 waliozikwa katika makaburi ya miji ya pwani na bara, uliochapishwa katika Nature mwezi Machi mwaka 2023, unahusu zama za baadaye kidogo, lakini unaonyesha mtindo ule ule: tangu mwaka 1000 hivi, asili ya wengi kwa upande wa mama ni ya Kiafrika, na kwa upande wa baba kuna sehemu kubwa ya Kiajemi. Lugha iliyobaki midomoni mwa watoto ni Kiswahili, lugha ya Kibantu, ya jikoni kwa mama.

Mama wa yule kijana aliposikia hayo, tukiwa njiani kurudi kutoka Clifton, alicheka, kisha akanyamaza kwa maili kadhaa. Yeye humsemesha mwanawe kwa Kiswahili, naye humjibu kwa Kiingereza.

Kijana aliandika ukurasa wake juu ya Mtoto wa Panga ya Saidi. Hakuchagua mmoja kati ya wale watatu, na mwalimu wake hakumnyima alama kwa hilo. Ila alizungushia duara la wino mwekundu ile 78,000, akidhani sifuri moja imezidi. Jumatatu iliyofuata kijana alirudi darasani na nakala ya makala ya Nature, kurasa zimebanwa kwa pini, na namba ile ameipigia mstari.